Mjadala Wako Kuhusu Dawa za Kulevya Umefutwa: Mwongozo Kamili wa Kukata Rufaa kwa Wasimamizi

Wazazi, wauguzi, watu walioacha dawa za kulevya na wale wanaohangaika kuziacha huandika mtandaoni kwa nia njema, maneno yao yakafutwa, wakalalamika, kisha wakakataliwa. Malalamiko mengi ya aina hii huanguka mahali pamoja. Mlalamikaji hujitetea yeye na nia yake, ilhali mbele ya msimamizi kulikuwa na swali moja tu: je, maneno yaliyoandikwa yanagusa kanuni iliyoandikwa? Rufaa inayojibu swali hilo husomwa hadi mwisho, na isiyolijibu huwekwa kando hata kama aliyeiandika ana haki kabisa.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyezungumzia tiba, uraibu, tahadhari, sera au maisha yake mwenyewe, akafutiwa chapisho, akafungiwa uzi (yaani chapisho pamoja na majibu yake yote) au akasimamishwa akaunti. Haumsaidii anayetaka kurudisha tangazo la kuuza au ombi la kuelekezwa kwa muuzaji, kwa sababu machapisho hayo yamefutwa kwa haki.

## Kabla ya yote: je, kuna mtu aliye hatarini sasa?

Ikiwa mjadala uliofutwa ulimhusu mtu ambaye maisha yake yako hatarini wakati huu, rufaa si kazi ya kwanza. Mtu aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, mofini au fentanili, hupungukiwa na pumzi hadi ikakatika, na hayo yanaweza kutokea ndani ya dakika chache, wakati wasimamizi huenda wakachukua siku kadhaa kujibu. Piga simu ya dharura ya mahali alipo.

Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa athari hizo kwa muda. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba naloksoni ifikishwe kwa yeyote anayeweza kumshuhudia mtu akizidisha afyuni, bila kuwekwa mikononi mwa wahudumu wa afya peke yao. Hata mtu akizinduka, bado anahitaji kufikishwa hospitali, kwa kuwa nguvu ya naloksoni inaweza kwisha kabla ya nguvu ya dawa aliyotumia, na pumzi ikapungua tena.

Huyo akishakuwa salama, rudi kwenye rufaa.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vitu vifuatavyo kabla hujaandika neno lolote kwa wasimamizi:

- Maneno yako yote yaliyofutwa, neno kwa neno, pamoja na kichwa chake na picha yoyote uliyoambatanisha.
- Taarifa ya kufutiwa, yenye tarehe, saa, kanuni iliyotajwa na adhabu uliyopewa.
- Kanuni zenyewe kama zilivyosomeka siku uliyoandika.
- Maneno ya watu waliotangulia katika uzi huo, hasa swali ulilokuwa ukilijibu.
- Chanzo kimoja au viwili vya kuaminika vya afya, ikiwa chapisho lako lilitoa dai la kitabibu.
- Mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, asiyehusika na mgogoro, atakayesoma rufaa yako kabla hujaituma.

Usikidharau hicho cha mwisho. Mtu aliyefutiwa maneno kuhusu mwanawe aliyenaswa na heroini ana uchungu wa kweli, na uchungu huo huingia katika kila sentensi bila yeye kuuona.

## Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi kabla ya kulalamika

Piga picha ya skrini ya taarifa ya kufutiwa, kisha nakili maandishi yenyewe na kuyaweka katika faili moja. Fanya hivyo mara moja, kwa kuwa majukwaa mengine humwonyesha mwandishi chapisho lake lililofutwa kwa muda mfupi tu, na mengine hayamwonyeshi kabisa. Ukikuta halionekani tena, tafuta katika barua pepe za arifa, kwani mara nyingi huwa na mwanzo wa chapisho, au mwombe mtu aliyekunukuu akutumie nukuu hiyo.

Hifadhi pia ukurasa wa kanuni. Kanuni hubadilishwa, na wakati mwingine hubadilishwa kwa sababu ya mgogoro kama wako. Huduma ya Wayback Machine inayoendeshwa na Internet Archive inakuwezesha kuhifadhi nakala ya ukurasa ulio wazi kwa umma ikiwa na tarehe yake, na pia kuangalia ukurasa huo ulivyosomeka zamani ikiwa uliwahi kuhifadhiwa.

Tahadhari. Katika mijadala ya dawa za kulevya watu hutaja magonjwa yao, kesi zao na ndoa zao. Ficha majina na picha za wengine katika kila nakala utakayomwonyesha mtu yeyote. Ushahidi wako usimgeuze mtu mwingine kuwa mhanga.

Utajuaje umefanikiwa? Mgeni asiyekujua akifungua faili lako anaweza kueleza ni nini kilichoandikwa, kilifutwa lini, na kwa kanuni ipi.

## Hatua ya 2: Tambua ni uamuzi gani uliofanywa, na nani aliufanya

Kufutiwa chapisho, kufungiwa uzi, kufichwa kwa maandishi yasionekane kwa wengine, na kusimamishwa kwa akaunti ni maamuzi tofauti, na kila moja lina mlango wake wa rufaa. Uzi uliofungwa, kwa mfano, si hukumu dhidi yako. Pengine wasimamizi walichoka kutenganisha watu wawili waliokuwa wakitukanana chini ya chapisho lako. Ukikata rufaa kana kwamba umeshtakiwa, utajibiwa kuhusu shtaka ambalo halikuwepo.

Halafu jiulize kama uamuzi ulifanywa na mtu au na mashine. Chapisho lililotoweka sekunde chache baada ya kutumwa karibu daima limekamatwa na kichujio kinachotafuta majina ya dawa, picha za vidonge au mfuatano fulani wa maneno. Kichujio hakijui tofauti kati ya «wapi nitapata methadoni kwa matibabu ya kaka yangu» na «wapi nitapata mzigo». Katika hali hiyo ombi lako la kwanza liwe fupi sana: chapisho lisomwe na binadamu. Hoja ndefu kwa wakati huo ni kazi bure, kwa sababu hakuna mtu aliyekwisha kukuhukumu.

Ikiwa chapisho lilikaa siku mbili ndipo likaondolewa, huenda kuna mtu aliyeliripoti na msimamizi aliyelisoma. Huyo ndiye unayemwandikia. Katika makundi mengi yeye ni mtu anayejitolea, hana mshahara, na siku hiyo hiyo amefuta matangazo ya wauzaji ambayo hukuyaona kwa sababu aliyafuta kabla hujayafikia.

Utajuaje umefanikiwa? Unaweza kukamilisha sentensi hii: «Naomba kubatilishwa kwa uamuzi wa ___, uliofanywa na ___, kwa kanuni ya ___.»

## Hatua ya 3: Isome kanuni sehemu kwa sehemu

Hapa ndipo rufaa hushindwa au hushinda, na ndipo watu hupaharakisha kuliko pengine popote. Kanuni za dawa za kulevya, hata zikiandikwa kwa mstari mmoja, kwa kawaida hubeba makatazo kadhaa ambayo hayafanani. Lipo katazo la biashara: kuuza, kununua, kuomba au kutoa mawasiliano ya muuzaji. Lipo katazo la kusifu au kushawishi. Lipo la maelekezo, yaani jinsi ya kutengeneza, kiasi cha kutumia, au njia ya kutumia. Katika majukwaa mengine lipo pia la mtu kukiri kwamba anatumia kwa sasa, bila kujali ameandika kwa lengo gani.

Pembeni ya makatazo hayo mara nyingi kuna ruhusa: tiba, kuacha, elimu, habari, mjadala wa sheria na sera. Ruhusa hizo zinaweza kuwa katika ukurasa mwingine wa maelezo marefu ambao hakuna anayeufungua. Ufungue.

Sasa chukua chapisho lako na ulipitie sentensi moja baada ya nyingine, ukiandika pembeni ya kila sentensi ni katazo gani inaweza kuonekana kuligusa. Usijiulize ulimaanisha nini. Jiulize mtu asiyekujua, mwenye machapisho mengine mia mbele yake, angesoma nini.

Maamuzi ya Bodi ya Usimamizi ya kampuni ya Meta, ambayo hupitia rufaa za Facebook na Instagram, yanafaa kusomwa kwa sababu yanaonyesha jinsi mpaka unavyochorwa. Mnamo Desemba 2021 Bodi ilibatilisha kufutwa kwa chapisho la Instagram la shule ya kiroho ya Brazili lililozungumzia ayahuaska, kinywaji cha mimea kinachotumiwa katika ibada, na ikashauri kwamba mazungumzo kuhusu matumizi ya kimila na ya kidini yaruhusiwe. Mnamo Februari 2022 ilibatilisha kufutwa kwa chapisho la mtu aliyeuliza, katika kundi la watu wazima wenye tatizo la umakini, jinsi ya kuzungumza na daktari wake kuhusu dawa ya Adderall. Chapisho hilo lilihukumiwa kama ombi la kupata dawa, na mtu alikuwa akiomba ushauri wa namna ya kuongea na daktari.

Uamuzi wa tatu unaelekea upande mwingine, na naona ndio wenye funzo kubwa zaidi. Mnamo Agosti 2023 Bodi ilisema kwamba chapisho la Instagram lililosimulia tiba ya ketamini, dawa ya nusukaputi, na ambalo lilikuwa la ushirikiano wa kulipiwa, halikustahili kubaki, ingawa Meta ilikuwa imeliacha. Neno «tiba» peke yake halikuliokoa. Usitegemee kwamba kutaja daktari au ugonjwa kutafunika kila kitu kingine kilichomo katika maandishi yako.

Tahadhari. Usihamishe uamuzi wa jukwaa moja kwenda jingine kana kwamba ni sheria. Msimamizi wa kundi la watu walioacha hafungwi na kilichoamuliwa kwa ajili ya Instagram. Unachochukua hapo ni namna ya kupima maneno tu.

Utajuaje umefanikiwa? Unaweza kuonyesha kwa kidole sentensi moja au mbili zilizosababisha kufutwa. Kama bado unasema «sioni kosa lolote», mpe yule mwenye kichwa kilichotulia asome, yeye ataiona.

## Hatua ya 4: Amua kama unastahili kukata rufaa

Baada ya hatua ya tatu, wengine watagundua kwamba kanuni iligusa maneno yao kweli. Kutaja bei, mtaa au jina la muuzaji, hata katika simulizi la majuto, ni sababu ya kutosha. Kutaja kiasi na njia ya kutumia ni sababu nyingine, na hapa nawaomba hasa walioacha wanielewe. Makundi mengi ya uponaji hukataza maelezo hayo kwa sababu msomaji aliye katika wiki yake ya kwanza bila dawa anaweza kuyasoma na tamaa ikaamka. Mtu akisimulia alivyokuwa akitayarisha dawa ili kuonyesha alikotoka, mwenzake anaweza kusoma mwaliko.

Ikiwa ndivyo, usikate rufaa. Andika upya ukiacha sehemu iliyokatazwa, kisha waulize wasimamizi kama toleo jipya linakubalika. Ombi hilo hupokelewa kwa wepesi kuliko rufaa nzuri, na lengo lako la kusaidia watu linatimia.

Tahadhari kubwa. Usirudishe maneno yale yale ukiwa umebadilisha herufi, umeweka nyota katikati ya jina la dawa, au umetumia emoji badala ya neno. Wauzaji ndio wanaoandika hivyo, na wasimamizi wanajua. Idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, ilitoa hadharani mwaka 2021 orodha ya emoji zinazotumiwa katika biashara hiyo ili wazazi na walimu wazitambue. Mzazi anayeandika kwa mafumbo ili akwepe kichujio anajiweka mwenyewe katika kapu la watu anaowaogopa.

## Hatua ya 5: Andika rufaa

Rufaa nzuri inatosha ukurasa mmoja, na mara nyingi nusu yake. Ina sehemu nne: ombi, kanuni, maneno, na pendekezo. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Tuseme mtu aliuliza afanye nini kwa kuwa ndugu yake, aliyetumia vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kila siku kwa muda mrefu, anataka kuacha vyote kesho. Wewe ukajibu, na jibu likafutwa.

> Kwa timu ya wasimamizi,
>
> Naomba jibu langu la tarehe 4 Machi katika uzi wa «Ndugu yangu anataka kuacha vidonge», lililofutwa siku hiyo hiyo kwa kanuni ya 6, lirudishwe. Ikiwa haliwezi kurudishwa lilivyo, naomba nielezwe ni sentensi ipi iliyovunja kanuni ili niirekebishe.
>
> Kanuni ya 6 inakataza «kutoa maelekezo ya kutumia dawa za kulevya». Aya yake ya pili inaruhusu «maelezo ya tahadhari na ya tiba».
>
> Nilichoandika ni hiki: «Asiache kwa siku moja. Kuacha ghafla baada ya kutumia kwa muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Apunguziwe kidogo kidogo.» Sentensi ya kwanza na ya pili ni tahadhari. Sikutaja kiasi chochote, wala njia ya kupata vidonge.
>
> Naona kwamba sentensi ya tatu ingeweza kueleweka kama maelekezo, kwa sababu haisemi ni nani wa kupunguza. Napendekeza isomeke: «Aende kwa daktari, ambaye ndiye atakayepanga jinsi ya kumpunguzia.» Niko tayari kuondoa sentensi nyingine yoyote mtakayoiona ina shida.
>
> Nashukuru kwa muda wenu.

Tazama kinachofanya kazi katika barua hiyo. Ombi liko katika sentensi ya kwanza, kwa hiyo msimamizi hahitaji kulitafuta. Kanuni imenukuliwa, na aya ya ruhusa imetajwa kwa mahali pake, jambo linalompa msimamizi msingi wa kukubali bila kuonekana anampendelea mtu. Maneno yamenukuliwa yalivyo. Sentensi dhaifu imetajwa na mwandishi mwenyewe kabla hajaulizwa, na mwandishi anayetaja sehemu yake dhaifu huaminiwa katika sehemu zake zenye nguvu.

Tazama pia kisichomo. Hakuna hotuba ya uhuru wa kujieleza. Kundi la watu binafsi lina haki ya kuwa na kanuni zake, na msimamizi anayesikia hotuba hiyo kila wiki huacha kusoma. Hakuna «mbona fulani mmemwacha?» Hoja hiyo humvutia kila aliyefutiwa, lakini matokeo yake ya kawaida ni kwamba chapisho la fulani nalo linafutwa, na wewe umempotezea mwenzako maneno yake bila kuyapata yako. Hakuna wasifu wa mwandishi. Ikiwa wewe ni muuguzi, kazi yako inaweza kutajwa kwa nusu sentensi pale tu inapothibitisha dai la kitabibu, na chanzo unachoambatanisha kina uzito kuliko cheo chako.

Mjadala kuhusu kama dawa fulani ingestahili kuhalalishwa nao hauna nafasi hapa. Unaweza kuwa na hoja nzito, lakini msimamizi si bunge, na rufaa inayogeuka kuwa hoja ya sheria humlazimisha ajibu kitu ambacho hana mamlaka nacho.

Utajuaje umefanikiwa? Msomaji wako mtulivu akimaliza kusoma anaweza kusema kwa sentensi moja unachoomba, na hakuna neno lililomfanya akunje uso.

## Hatua ya 6: Tuma kwa mlango sahihi, mara moja

Kwenye makundi yanayosimamiwa na watu wa kujitolea, andika kwa anwani ya pamoja ya wasimamizi ikiwa ipo. Usimwandikie faragha msimamizi mmoja mmoja, kwa sababu atahisi amevamiwa nyumbani, na mwenzake hataiona rekodi. Kwenye majukwaa ya makampuni, tumia kitufe cha rufaa kilicho ndani ya taarifa ya kufutiwa. Ujumbe uliotumwa kwa dawati la msaada wa kawaida unaweza usiingie katika mfumo wa rufaa.

Usifungue uzi mpya wa kuushtaki uamuzi mbele ya watu. Makundi mengi yanakataza jambo hilo, na hata pasipokatazwa, msimamizi aliyeshambuliwa hadharani hupata ugumu wa kurudi nyuma. Usifungue akaunti ya pili. Kukwepa adhabu kwa akaunti nyingine ni kosa jipya linalosimama lenyewe, na litakuondoa hata kama kosa la kwanza halikuwepo.

Angalia muda wa mwisho. Rufaa kwa Bodi ya Usimamizi ya Meta hupelekwa ndani ya siku 15 baada ya uamuzi wa mwisho wa kampuni, na Bodi huchagua kesi chache tu kati ya inazopokea. Kwa walio ndani ya Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inampa mtumiaji haki zilizo wazi zaidi: kupewa sababu za uamuzi (kifungu cha 17), kulalamika ndani ya jukwaa bila malipo kwa muda usiopungua miezi sita (kifungu cha 20), na kupeleka mgogoro kwa chombo cha usuluhishi nje ya mahakama kilichoidhinishwa (kifungu cha 21). Kifungu cha 20 kinataka pia malalamiko yasiamuliwe na mashine peke yake. Kampuni ndogo zimesamehewa vifungu vya 20 na 21, kwa hiyo usivitaje kwa kundi dogo linaloendeshwa na watu wachache.

Utajuaje umefanikiwa? Una uthibitisho wa kupokelewa, au walau nakala ya ulichotuma yenye tarehe.

## Hatua ya 7: Subiri, kisha kumbusha mara moja

Ikiwa jukwaa halikutaja muda wa kujibu, wiki moja ni muda wa haki. Baada ya hapo tuma ukumbusho wa sentensi mbili, wenye tarehe ya rufaa ya kwanza, bila hoja mpya. Hoja mpya humfanya msomaji aanze upya, na faili lako linarudi chini ya rundo.

Wakati unasubiri, endelea kuandika mambo mengine kama kawaida ikiwa hujasimamishwa. Msimamizi anayepitia rufaa hutazama pia mwenendo wa mwandishi siku hizo.

Ikiwa kuna mtu aliyekuwa akitegemea jibu lako lililofutwa, kama yule wa diazepamu, mfikie kwa njia inayoruhusiwa na umweleze jambo moja tu: amwone daktari kabla ya kuacha. Ujumbe huo hausubiri uamuzi wa mtu.

## Hatua ya 8: Likija jibu

Jibu la kukubaliwa halihitaji zaidi ya shukrani. Usilitangaze kama ushindi, maana utamfanya msimamizi ajute kukusikiliza, na anayefuata atakuta mlango umebana.

Jibu la kati ndilo hutokea mara nyingi zaidi: chapisho linarudi likiwa limeondolewa sentensi moja, au adhabu inafutwa lakini chapisho halirudi. Naona inafaa kulikubali karibu kila mara. Adhabu iliyofutwa ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu majukwaa mengi huhesabu makosa, na kosa linalobaki katika rekodi hufanya lijalo liadhibiwe kwa ukali zaidi. Kwa sababu hiyo, likija jibu la namna hii, uliza waziwazi: «Je, kosa limeondolewa pia katika rekodi yangu?»

Jibu la kukataliwa lenye sababu ni tofauti na lisilo na sababu. Lenye sababu, lisome ukiwa na kanuni mkononi. Likikuonyesha ulichokosea, andika upya kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4. Lisilo na sababu, una haki ya kuomba sababu kwa barua moja fupi, ukinukuu swali lililobaki bila kujibiwa. Baada ya hapo nenda mlango wa juu, ikiwa upo. Kama haupo, rufaa imekwisha, na barua ya nne au ya tano itakugharimu kile kidogo cha imani ulichobakiza.

## Hatua ya 9: Ikiwa tatizo ni kanuni, omba kanuni ibadilishwe

Wakati mwingine msimamizi ameitumia kanuni ilivyoandikwa, na kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Kundi linaloandika «ni marufuku kutaja dawa za kulevya» limemzuia muuzaji, na limemzuia pia mama anayeuliza dalili za kuzidisha. Kosa hilo huumiza watu halisi, na linastahili kupingwa kwa nguvu, ila kwa njia nyingine.

Tenganisha pendekezo na kesi yako. Subiri hadi rufaa yako iishe, na usiitaje. Ukiichanganya, kila hoja itasomwa kama njia ya kurudisha chapisho lako.

Andika kanuni unayoitaka kwa maneno kamili, tayari kunakiliwa, kwa sababu watu wa kujitolea hukubali haraka kitu kilichokwisha kuandikwa. Kwa mfano:

> Inaruhusiwa kuzungumzia dawa za kulevya kwa ajili ya kuacha, tiba, tahadhari za kiafya na mjadala wa sheria. Hairuhusiwi kutaja bei, mahali pa kupata, mawasiliano ya muuzaji, utengenezaji, wala kiasi na njia ya kutumia. Chapisho lenye sehemu iliyokatazwa litarudishwa kwa mwandishi alirekebishe kabla ya adhabu, isipokuwa likiwa la biashara.

Sentensi ya tatu ndiyo ya kupigania. Humpunguzia msimamizi malalamiko, na humwachia mwandishi mwenye nia njema nafasi ya kurekebisha bila kubeba alama ya kosa. Ongeza ombi la pili: kila taarifa ya kufutiwa itaje kanuni na sentensi iliyohusika. Kanuni za Santa Clara, tamko la mashirika ya kiraia kuhusu usimamizi wa maudhui lililotolewa mwaka 2018 na kupanuliwa mwaka 2021, zinadai mambo matatu ya msingi yanayoendana na ombi hilo: makampuni yatoe hesabu ya yanachofuta, yamjulishe mtumiaji sababu, na yampe nafasi ya rufaa. Ziliandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa, lakini hakuna kinachozuia kundi la watu mia mbili kuzifuata.

Peleka pendekezo likiwa na majina ya wanachama wengine wachache wanaoliunga mkono, na hasa mmoja ambaye hajawahi kufutiwa chochote. Likikubaliwa, omba tarehe ya kuanza kutumika iandikwe kando ya kanuni mpya, ili anayekata rufaa baadaye ajue ni toleo lipi la kunukuu.